Asipige Mtu Simu Redioni

S.L.P. 214,
Ibra, Oman.
Jumanne, 9 Machi 1999

Mpendwa Dada yangu Shukriya,

Shikamoo. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemegi Nasr na wajukuu na kila alalaye chini ya dari yako. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea mwaka jana kama imekwisha usione haya kusema, jamaa yetu Thani atakuja Unguja na kurudi, atachukua ujumbe. Na presha ya shemegi imeshuka? Mwambie apunguze chumvi, wala asijitie hasikii.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Bwana Marzouq, baba Wijdan, tangu astaafu kazi ya serikali anashinda shambani. Wakati huu mitende inachanua, basi yeye anasimama chini anawaelekeza wanaoipanda kuichavusha, na jioni analalamika mgongo kama aliyepanda yeye. Joto halijaanza. Mimi mwili wangu mzima, roho ndiyo haijatulia.

Mwanao Khulood kanipigia juzi kutoka Maskati. Kasema umesikia kwamba mwanangu Wijdan ana mashaka na kipindi chake redioni, na umemtuma awakusanye jamaa zetu wote wa Maskati na Dubai wampigie simu kwenye kipindi wamsifu. Dada yangu, nakuomba kwa Mungu na kwa ziwa tulilonyonya, asipige mtu. Khulood nimeshamzuia. Lakini nakujua, wewe ukifungiwa mlango wa mbele unatokea wa uani. Ningekupigia simu, ila simu yenyewe unapokelea dukani kwa jirani, na haya si mambo ya kusemwa mbele ya watu wanaonunua sukari. Thani anasafiri Ijumaa, ndiyo maana nakuandikia.

Kwa kuwa kipindi chenyewe hukisikii huko, bora nikueleze. Wijdan aliporudi Misri na shahada yake ya muziki tulidhani atasomesha. Yeye akaingia redioni, na baada ya kuwasumbua sana wakubwa akapewa saa moja kila Jumatano baada ya Alasiri apige muziki mkongwe tu. Hizi nyimbo za sasa za vijana hazigusi. Anapiga vipande virefu vya Misri na Sham vya zama za wazee, udi na ganuni na nai. Anapiga muziki wa Kizungu, ule wa watu ukumbi mzima wamekaa vitini wanapiga pamoja na mmoja anawapungia kijiti. Na mara moja moja anapiga taarabu yetu ya asili, bashrafu zile zisizo na maneno, alizozijua kwa kanda zako. Baina ya kipande na kipande anaeleza kwa sauti ya upole nani katunga na kwa nini. Karibu na mwisho wa saa anafungua simu, wasikilizaji waseme wanauonaje.

Hapo kwenye kuuona ndipo penye balaa. Watu wana maneno, Dada! Bwana mmoja wa Nizwa kasema muziki usio na mwimbaji ni karamu isiyo na wali. Bibi wa Sur kauliza kwa nini Wazungu wapewe nusu ya saa, kwani wao redio zao zinatupiga sisi? Mwengine akaja na kinyume chake, apunguze Misri, maana hizo kanda anazo zote nyumbani, ampigie asichokuwa nacho. Mzee mmoja alisema taarabu si muziki wa nchi hii. Hilo lilinichoma. Niliing'oa redio kwenye umeme nikaifungia kabatini, mpaka baba Wijdan alipotaka kusikia habari akawa anaitafuta. Na wengi sana hupiga kuuliza tu kama wamekosea stesheni.

Wijdan hayo hayamkeri. Anasema bora mtu apige kakasirika kuliko asipige. Anayekerwa ni mkubwa wake. Kamwambia watu hawakitaki kipindi, kuna bwana wa michezo anaiomba saa ile, na mambo yakiendelea hivi yeye Wijdan atahamishiwa chumba cha kanda, awe anazipanga makabatini. Mwanangu alinipigia kunieleza haya huku analia. Tangu utotoni sijamsikia Wijdan akilia, hata siku tuliyompeleka kiwanja cha ndege kwenda Misri nililia mimi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikumtaka mtu shauri, wala baba yake. Jumatano iliyopita asubuhi nilikwenda soko la wanawake, na namba ya redio nimeishika kichwani kama sura ya Kurani, nikaanza kwa wauza wanja, nikaja kwa wauza udi na mafuta, nikamalizia kwa wauza nguo. Kila niliyemjua nilimpa namba. Na Khamisa akajitolea kuwa wa kwanza. Huyu Khamisa ni jirani yangu, mzaliwa wa Wete, mwema kupita kiasi, na ulimi wake haujui kukaa. Nikawaambia wote, pigeni, semeni muziki ni mzuri. Hivyo tu, Dada. Nilidhani nimemaliza kazi.

Lakini unajua tulivyolelewa. Mtu haingii kwenye haja yake kama mwizi anayeruka ukuta. Unasalimu kwanza, unauliza hali, unauliza wazazi na watoto, na watu wa huku ndio wamezidi, mpaka wapeane habari za mvua na za mifugo ndipo waulizane kilichowaleta. Basi tia salamu hizo kwenye redio, na taifa zima linasikiliza.

Khamisa alianza vizuri kwa Kiarabu. Wijdan akaitikia. Akamuuliza hali yake, akaitikia. Akamuuliza baba, akamuuliza mama, akauliza ndugu mmoja mmoja, akauliza kama Maskati imenyesha. Namsikia mtoto sauti inazidi kuwa ndogo, maana utamkataje mtu mzima anayekusalimu? Halafu Kiarabu kikamwishia Khamisa, kama kinavyomwishia kila siku, akarukia Kiswahili:

"Haya mwanangu, mama yako kanituma niseme muziki mzuri. Basi mzuri, wallahi. Na yule papa mkavu alokupa, kafika salama?"

Nilikaa kitako sakafuni. Kabla sijainuka akaingia wa pili, kutoka Al Mintirib. Huyo salamu zake zilikuwa ndefu kuliko za Khamisa, na alipozimaliza akamuuliza Wijdan lile jino limepoa, kwa sababu mimi mwenyewe, mdomo wangu huu, nilimhadithia habari za jino pale kwa wauza udi. Wa tatu hakuutaja muziki kabisa. Alimuuliza, "Ya bint, hujaposwa bado? Mie nna mtoto wa ndugu yangu, mhandisi." Wijdan akagugumia asante, akaweka muziki wakati bibi wa watu bado anaeleza nyumba ya huyo mhandisi ina vyumba vingapi. Alichoweka ni kipande cha Kizungu cha fidla kubwa, lile linaloshikwa baina ya magoti. Hakikufika hata nusu, taarifa ya habari ikakikata.

Mkubwa wake alikuwa garini, anasikiliza.

Wijdan alinipigia kabla ya Magharibi. Hakulia safari hii, na afadhali angelia. Kaniambia mkubwa wake anaamini ni yeye aliyetupanga ili amdanganye, na alipokataa hakuaminiwa. Simu zitafunguliwa Jumatano moja zaidi. Wakipiga jamaa tena, au asipige mtu, basi khalas, saa inakwenda kwa michezo na yeye anakwenda kwenye kanda, na jina la udanganyifu juu. "Mama," akasema, "usipige wewe, wala asipige mtu yeyote unayemjua." Nikamuuliza kama kanikasirikia. Akasema kachelewa, akakata. Alhamisi na Ijumaa, siku zake za mapumziko, hakuja nyumbani. Simu yake sijaisikia tena.

Jumatano yenyewe ndiyo kesho.

Wiki nzima nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wasipige. Kumbe kumwambia mtu asiseme ni kazi kubwa kuliko kumwambia aseme. Yule wa Al Mintirib kaniuliza kama sauti yake ni mbaya. Yule wa mhandisi yeye ananinunia moja kwa moja, anadhani tumemkataa mtoto wao. Khamisa kaniapia kwamba safari hii atazungumzia muziki peke yake, na kwamba kajifunza maneno kwa moyo. Nikamwambia Khamisa, nakupenda, usipige. Na lililobaki ndilo baya zaidi. Wanawake wa sokoni wameshawapa namba ndugu zao wa mji uitwao Dima wa Tayyin, huko milimani, watu nisiowajua kwa sura wala kwa jina. Hao nitawazuiaje? Nikisikia tu simu ya jirani inalia naacha nililonalo natega sikio.

Baba Wijdan hakunigombeza, bora angenigombeza. Kaniambia, "Moto umeupuliza mwenyewe, sasa unataka kuuzima kwa kuupuliza." Kisha akaenda zake kwenye mitende.

Na kuna jambo, Dada, nakwambia wewe tu. Huo muziki wenyewe mimi siupendi. Bashrafu zetu sawa, zile zinanirudisha barazani kwa marehemu baba. Lakini vile virefu vingine sivielewi vinakwenda wapi. Na Wijdan kila Jumatano baada ya kipindi hunipigia kuniuliza, "Mama, umeuonaje?" Nami kila Jumatano humjibu, "Mzuri, mashallah." Ningemjibuje? Kasoma miaka mingi ugenini, na mimi ni mama yake.

Nimepata shauri moja. Kesho Alasiri nimewaalika wote kwangu kwa kahawa, Khamisa na wa Al Mintirib na wale wa sokoni ninaowaogopa. Wakiwa mbele ya macho yangu hawawezi kupiga. Naiacha barua hapa, nitaimalizia kabla Thani hajaipitia. Niombee dua.

Alhamisi, 11 Machi

Dada, nimerudi.

Walikuja wote, na wa Al Mintirib kaja na mawifi zake wawili. Nilitandika mikeka ukumbini, nikaweka halwa na tende na birika mbili za kahawa. Simu tuliyonayo iko pale pale ukumbini, kwa hivyo baba Wijdan aliuchomoa waya ukutani, akautia mfukoni, akaenda nao shamba. Sijapata kumpenda mtu yule kama nilivyompenda jana.

Kipindi kikaanza. Wijdan alikuwa na sauti kavu. Mwengine hangejua, mimi nilijua. Akapiga kipande cha Sham, akapiga ganuni. Kawaida yetu wanawake tukikaa pamoja redio huwa chini na sisi juu. Jana hakusema mtu. Vikombe vinapita kimya kimya. Kila mmoja anamtazama mwenzake kama tuko msibani.

Akafungua simu, akataja namba. Hakupiga mtu. Akasubiri, akaeleza kidogo habari za ile ganuni, akaitaja namba tena. Kimya. Wewe hujui kimya cha redio, Dada, kinavyokuwa mtoto wako ndiye aliye ndani yake. Nasikia karatasi anazigeuza. Nasikia anavuta pumzi. Wa Al Mintirib akasema, "Maskini, tumpigieni jamani, tubadilishe sauti." Khamisa alikuwa keshasimama. Naapa nami ningesimama, na waya ungekuwapo ningeutia ukutani kwa mikono yangu na ahadi yangu ningeitupa. Niliikalia mikono kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Wijdan akaitaja namba mara ya tatu, na hapo simu ikalia.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu wa jangwani. Alisema Assalaamu alaykum, basi. Hakuuliza hali. Wanawake ukumbini wakatazamana, mtu huyu hana adabu. Na hapo hapo akaanza kumgombeza mwanangu. Alisema kwa Kiarabu, nakuandikia kama nilivyofahamu.

"Wiki iliyopita umenikatia."

"Nimekukatia nini, baba?" Wijdan akauliza.

"Lile fidla kubwa! Nilikuwa njiani narudi kwetu, mji wa Adam, mbuzi wa biashara nimewapakia nyuma ya gari. Nikasimama kando nisikie mwisho. Mbuzi wanalia, jua linanipiga, nasubiri mwisho, unaniwekea taarifa ya habari. Na kabla yake nimewasikiliza mabibi wanasalimiana mpaka nikakaribia kulala. Hii redio ya muziki au ya harusi?"

Khamisa akaikodolea macho halwa. Mimi uso uliniwaka moto.

"Jina la muziki wenyewe silijui wala silitaki," akaendelea. "Uweke, na usiukate. Mtu haanzi jambo asilomaliza."

Akakata simu bila kuaga. Na Wijdan, Dada, ungemsikia! Ile sauti kavu ilikwisha. Kabla hajamaliza kusema atauweka, simu ikalia tena, bibi mmoja wa Sur anamwambia asithubutu, lile fidla linamuumiza kichwa, bora arudishe ganuni. Wijdan akamuuliza linamuumiza kichwa wapi hasa, mwanzo au kati? Bibi akafikiri, akasema kati. Akaingia kijana wa Nizwa kumtetea muuza mbuzi. Akaingia mwengine kuwagombeza wote watatu. Hata mmoja simjui. Nilisikiliza kila sauti kwa hofu isije ikawa ya Dima wa Tayyin, na kama walikuwamo basi Mungu awalipe kheri, maana hakuna aliyetaja mama wala jino.

Halafu akaliweka fidla kubwa, na safari hii likafika mwisho.

Nitakwambia lililonipata wakati ule, na usinicheke. Nilimwonea wivu yule muuza mbuzi. Mimi nimeuchafua uso wangu soko zima kwa ajili ya mwanangu, na mtu baki asiyejua hata kusalimu kampa kwa ukali wake kitu ambacho mimi sijapata kumpa. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na wivu ukabaki pale pale.

Muziki ulipokwisha wanawake wote wakaanza kusema pamoja. Khamisa kasema ni kama mtu anapasua mbao na hana haraka. Wifi mmoja wa Al Mintirib alikuwa anafuta macho na hakutaka kuulizwa. Mwengine kasema mwisho haukumridhisha, angeongeza kidogo. Wakabishana mpaka Magharibi ikaadhiniwa, watu ambao wiki iliyopita hawakuwa na la kusema ila papa mkavu.

Wijdan kapiga leo asubuhi. Kaniamkia, kaulizia hali ya baba yake, kisha kaniambia mkubwa wake hajatamka uamuzi. Kasema tu kwamba atasikiliza mpaka baada ya Idi Kubwa. Yule bwana wa michezo bado anakuja kukaa ofisini kwake kila siku. Kwa hivyo usidhani tumetoka, bado tumo ndani.

Kisha akaniuliza, kama anavyoniuliza siku zote, "Mama, ile ya mwisho umeionaje?"

Neno "nzuri" lilikuwa limeshafika ulimini. Nikalimeza. Nikamwambia, "Sijaipenda."

Papo hapo nikajuta, nikasema moyoni, Amna, umemaliza kumuua mtoto. Halafu nikasikia sauti ndogo, "Kwa nini?"

Sikuwa na maneno ya kisomo, nikamwambia nilivyoona. Nikamwambia yule mtu na fidla lake anaizunguka nyumba, anaizunguka, haingii, na mimi nilitaka aingie akae. Nikamwambia pale kati linaposhuka chini kabisa nilidhani limekwisha nikashukuru, kumbe linaanza upya. Akaniuliza pale lilipoanza upya nilisikia nini. Nikamwambia hasira. Akasema, "Hata mie." Nikapata nguvu, nikamwambia na ile bashrafu ya mwezi uliopita kanda yake imechakaa, fidla zinalia kama zimetiwa maji, kwa nini hamwombi mama yake mkubwa nyengine? Tulizungumza, Dada, mpaka baba yake akaja kuuliza leo chai haipikwi. Hatujapata kuzungumza hivyo tangu arudi Misri.

Karibu na kuagana akaniambia, kwa upole, "Mama, siku zote hizi mie nilikuwa najua husikilizi."

Ni kweli, Dada. Jumatano nyingi muziki ukianza nilikuwa nalala kitini, naamka simu zikifunguliwa.

Basi nakuomba, Dada yangu, wazuie wote, na wewe mwenyewe ukitaka kumsaidia mtafutie bashrafu safi katika kanda zako, umpe Thani akija. Na umwandikie Wijdan. Usimsifu. Mwambie kipi kilikuchosha katika vile vipande alivyokurekodia kwenye kanda alipokuja Unguja, na umwambie kwa nini. Atakujibu haraka, utaona.

Nisalimie shemegi Nasr, na Lamees na wanawe, na Bi Ghaniya kama bado anapita kwako Ijumaa. Wape wote mkono wangu. Baba Wijdan anakusalimu sana, waya wa simu kesharudisha. Khamisa naye kasema nikuandikie salamu zake moja moja, lakini karatasi haitoshi.

Mungu akulinde na kila baya, akulainishie goti lako, atukutanishe tukiwa na uzima kabla macho hayajafumba. Amin.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Amna